Salamu kwa Mama Rosina

Lyndon alimsalimia mama yake Delvene asubuhi ile, na Delvene akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Umeamkaje, shangazi Rosina?" alisema, kama vijana wote wanavyowaita kina mama pale. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa duka na dumu tupu mkononi, akimtazama mama usoni waziwazi, kama mtu anayemtazama mpishi wa shule na si zaidi ya hapo.

"Nimeamka salama, mwanangu," mama akajibu, akihamisha mfuko wa unga toka mkono huu kwenda ule. "Macho yako mekundu. Hukulala?"

"Nilikuwa majini."

Alipita katikati yao akaingia dukani, na bega lake likakaribia la Delvene kiasi cha kumfanya asikie harufu ya moshi kwenye koti lake la kazi. Hakumtazama. Delvene alibaki akiitazama buti yake mwenyewe, iliyojaa vumbi jekundu kama buti za watu wote wa Kisima Nane, kijiji chao cha nyikani huko Australia.

Walitembea hatua ishirini hivi kabla mama hajasema.

"Wiki mbili nzima alikuwa ananikwepa vizuri kabisa. Nikija huku, yeye kule. Juzi ameacha mkia wa kangaruu juu ya uzio wetu akakimbia kama mwizi. Nikasema haya, mwanangu amepata mtu mwenye adabu. Leo ananiuliza nimeamkaje."

"Labda amesahau, mama."

"Mwanamume hasahau kitu kama hicho. Baba yako, siku aliyoamua kunitaka, aliingia kwenye nyasi za miiba nyuma ya kanisa ili tu asipishane na mama yangu. Alitembea anachechemea siku tatu. Mama alicheka mpaka akalia, lakini hakumsemesha mpaka anakufa, na alimpenda kuliko wanawe." Mama alisimama. "Kwetu mwanamume akimsemesha mama wa msichana, maana yake hamtaki huyo msichana. Sasa niambie. Umemfanya nini?"

"Sijamfanya kitu."

Uongo ule ulimtoka mdomoni kirahisi, na urahisi wake ndio uliomwumiza. Alikuwa na miaka ishirini na minne, amesoma Perth miaka saba, amerudi na cheti chenye muhuri, na alikuwa anamdanganya mama yake katikati ya barabara kama mtoto aliyeiba sukari.

*

Kilichotokea kilikuwa kidogo sana kwa macho. Alama moja nyekundu.

Mpango wa utalii ulikuwa umeshughulikiwa mwaka mzima. Watu wa Kisima Nane waliutaka wenyewe, kwa masharti yao: magari machache, wageni waongozwe na wenyeji, na kila mahali pa kusimama pakubaliwe na yule mwenye haki ya kupasemea. Ofisi ya baraza ilimwajiri Delvene amsaidie Bwana Alistair, mtaalamu aliyetoka Perth, kwa sababu Delvene alijua lugha zote mbili, ya watu na ya makaratasi. Vituo sita vilipatikana. Mfadhili alitaka saba.

"Bila cha saba, hawatoi," Bwana Alistair alimwambia Ijumaa moja, akijifuta jasho la shingo. "Na wasipotoa, nafasi za walinzi wa ardhi zinapungua. Wa mwisho kuajiriwa atakuwa wa kwanza kuondoka. Nasikitika, Delvene. Nahitaji jibu kabla sijapanda ndege."

Wa mwisho kuajiriwa alikuwa Lyndon. Na wanaume wa Kisima Nane wakikosa kazi huenda migodini, kilomita mia nane kaskazini, wakarudi na pesa, na kikohozi, na mara nyingine na mke mwingine.

Delvene alichukua kalamu akaweka alama kwenye Maji ya Kasuku Mweusi.

Alikuwa amefika pale mara moja tu. Ilikuwa mwanzo wa msimu wa baridi. Lyndon alimpeleka kwa miguu, wakapita katikati ya miamba, na kabla hawajafika alimzuia kwa mkono. Akapaza sauti kuwaita wazee waliotangulia, akawatajia yeye ni nani na huyu aliyekuja naye ni nani. Kisha akapitisha kiganja kwapani mwake, akampaka Delvene jasho lake kwenye paji la uso na nywele, ili maji yajue harufu yake na yasimkatae. Akamchotea maji akammwagia kichwani. Maji yalikuwa ya baridi mpaka akapiga kelele. Lyndon akacheka. Kisha hakucheka tena, akamtazama tu, matone yakimtiririka msichana wa watu kwenye kope, naye Delvene akajua kwamba kuanzia siku ile hatapendwa hivyo na mtu mwingine, wala hatataka.

Hakumwambia kwamba pale hapasemwi. Hakuona haja. Nani asiyejua?

Ramani ilitakiwa ipitiwe na wazee kwanza. Lakini mtu fulani huko mjini aliiweka mtandaoni mapema, na Jumamosi wageni wa magari matatu waliruka uzio kwa kufuata alama. Waliogelea. Walikuwa wamejipaka mafuta ya kujikinga na jua, mwili mzima, watu kumi na moja. Waliondoka wakiwa na furaha. Bibi Mavis, bibi yake Lyndon mzaa mama, ndiye mwenye maji yale; alifika Jumapili akayakuta yana utando unaong'aa rangi zote, na vyura wadogo wamepanda juu ya mawe.

*

Alimfuata Lyndon kwenye tangi nyuma ya banda la walinzi. Alikuwa anajaza madumu. Mkutano wa kijiji kuhusu maji yale ulikuwa umebakiza nusu saa.

"Lyndon."

"Ofisi iko upande ule," alisema bila kugeuka.

"Nataka nikuambie jambo."

"Nalijua." Alifunga bomba. "Ramani ile niliiona jana. Alama imewekwa pale penye mkaratusi mweupe uliopinda. Hapako barabarani, hapaonekani kwenye picha za ndege. Mtu anayepajua pale ni bibi, ni mimi, na ni mtu mmoja niliyempeleka."

"Nilidhani wazee watapitia kwanza. Nilidhani wakikataa itafutwa."

"Ulidhani."

"Nilikuwa naogopa—"

"Mimi sikukupeleka kule kwa ajili ya kazi yako, Delvene." Ndipo akageuka, na laiti asingegeuka. Hakuwa na hasira usoni. Alionekana kama mtu aliyejikwaa mbele za watu. "Nilikupeleka kwa ajili yako. Nilikutaja jina kwa wale wazee waliotangulia. Unajua maana yake? Niliwaambia wakuangalie kama wanavyoniangalia mimi. Jana nimekaa pale usiku kucha nachota mafuta kwa kitambaa, na sikujua niwaambie nini. Niliona aibu hata kuongea."

"Nisamehe."

"Usiniombe mimi. Maji si yangu. Yangu yatakuwa siku bibi akiniachia, kama ataniachia."

"Nitasema mkutanoni. Nitasimama niseme."

Macho ya Lyndon yalimtua kwenye paji la uso, pale alipompaka jasho lake miezi miwili iliyopita, kisha yakaenda kando.

"Wewe?" alisema kwa upole uliouma kuliko tusi. "Wewe hata jina lako kanisani hulitaji kwa sauti."

Akabeba madumu mawili akaondoka.

*

Ukumbi ulikuwa umejaa. Wanawake upande wa kushoto na mbwa wao, wanaume upande wa kulia karibu na mlango ili waweze kutoka kuvuta sigara. Ramani kubwa ilikuwa ukutani. Delvene alikaa nyuma kabisa, akashika kikombe cha bati kwa mikono miwili ingawa chai ilikuwa imeshapoa. Kutoka jikoni ilikuja harufu ya mkate uliofukiwa kwenye majivu. Mama yake alikuwa anapika kwa ajili ya mkutano.

Bibi Mavis aliingia akitembea polepole, akaweka chupa ya maji juu ya meza. Aliitikisa kidogo. Utando wa mafuta ukacheza kwenye mwanga wa dirisha, zambarau na kijani, mzuri wa kutazama.

"Haya," alisema. "Mama yangu alinywa haya. Mama yake akanywa. Jumamosi watu kumi na moja wameyaoga. Nataka kujua nani aliwaita."

Mbwa mmoja alijikuna.

"Bwana Alistair. Wewe ndiye mwenye ramani."

Mtaalamu alisimama, uso umemwiva. "Bibi, kosa la kuitoa ramani kabla ya wakati ni letu, na nimekuja kuomba radhi. Lakini alama yenyewe nilipewa hapa hapa. Nilipewa na—"

"Na mimi," Lyndon alisema.

Ukumbi mzima uligeuka. Alikuwa amesimama kando ya mlango, kofia mkononi. Bwana Alistair alifungua mdomo, akamtazama Lyndon, akamtazama Delvene kule nyuma, akaketi.

"Wewe," bibi Mavis alisema.

"Jambo lile limetoka kwangu, bibi. Mimi ndiye wa kuulizwa."

Na halikuwa uongo. Delvene alilielewa hilo upesi, na kulielewa kukamkata maini. Anayemtambulisha mgeni kwa maji ndiye anayejibu kwa yote atakayoyafanya yule mgeni. Ndivyo ilivyo, na ndivyo ilivyokuwa siku zote. Lyndon alikuwa anajibu. Alikuwa amemsalimia mama yake asubuhi ili kumfungulia mlango aondoke, na sasa alikuwa anasimama mahali pake.

Bibi Mavis alionekana amezeeka mbele ya macho yao. "Nilikubeba mgongoni kukupeleka pale," alisema. "Ulikuwa hujaota meno. Ufunguo wa lango uweke mezani."

Lyndon alipita katikati ya viti. Alichomoa ufunguo kwenye mshipi wake akauweka kando ya chupa.

"Na maji nitampa Noelene, mtoto wa dada yako, akirudi kutoka mjini. Wewe nenda huko migodini, kama wenzako. Mtu asiyeweza kunyamaza hawezi kusemea kitu."

Mzee mmoja upande wa wanaume alishusha pumzi. Lyndon aliinamisha kichwa, akakubali.

Delvene alijaribu kusimama, akarudi kuketi. Aibu ilikuwa imemkaa mwilini kama homa. Aliona atakavyotazamwa. Aliona wanawake watakavyosimuliana kwenye foleni ya zahanati, huyo msomi wa Rosina, huyo aliyekuja kutufundisha. Alitazama mgongo wa Lyndon, shati lenye chumvi ya jasho lililokaukia, bega moja limeshuka kwa kubeba madumu usiku kucha.

Kikombe kilimponyoka kikagonga sakafu. Hivyo ndivyo alivyosimama.

"Bibi," alisema, na sauti ikatoka ndogo. Akarudia. "Bibi, si yeye. Ni mimi. Alama niliiweka mimi, kwa mkono wangu. Yeye hakujua."

"Nani anaongea? Sisikii."

"Ni yule wa Rosina," mwanamke mmoja akasema. "Aibu gani hii."

"Aje hapa mbele niuone uso wake."

Ile safari ya kutoka nyuma mpaka mbele ilikuwa ndefu kuliko barabara ya kwenda Perth. Lyndon alitikisa kichwa polepole alipompita, kumwambia arudi. Hakurudi. Alisimama mbele ya meza akiitazama chupa.

"Ardhi ya ukoo wenu ni ipi, mwanangu?" bibi Mavis aliuliza.

"Ni ya mto, bibi. Kule chini."

"Nani anausemea mto?"

"Mjomba Desmond."

"Wewe huusemei?"

"Hapana. Sijafikia."

"Kwa hiyo mto wenu, uliozaliwa kando yake, huwezi kuusemea. Ila maji yangu ukayasemea."

Watu wachache walicheka, si kwa furaha. Machozi yalimshuka Delvene mpaka kidevuni na hakuyafuta.

"Ndiyo, bibi."

"Kwa nini? Walikupa nini?"

"Hawakunipa kitu. Walisema kituo cha saba kisipopatikana, walinzi watapunguzwa. Wa kwanza angekuwa Lyndon. Angeenda migodini."

"Wengi wameenda. Hata babu yake alienda. Sasa yeye akienda, wewe inakuhusu nini?"

Upande wa wanawake viti vililia. Mtu alimgusa mwenzake kiwiko. Delvene hakuwahi kumwambia mtu yeyote neno hilo, hata Lyndon mwenyewe hakuwahi kumwambia kwa mdomo. Na sasa aliombwa aliseme mbele ya mjomba Desmond, mbele ya mwalimu mkuu, mbele ya mbwa.

"Inanihusu," alisema.

"Sema tena. Sikio la huku limekufa."

"Inanihusu, bibi."

"Amesema inamhusu," mzee mmoja akawatafsiria walio mlangoni, na kicheko cha safari hii kilikuwa cha aina nyingine.

Bibi Mavis hakucheka. Alimnyooshea mkono, akamshika kidevu, akamwinulia uso uliolowa akauchunguza kama anasoma hali ya hewa.

"Alikuogesha kichwa?"

"Ndiyo."

"Alikutaja jina?"

"Ndiyo, bibi."

"Mjinga," bibi alisema, na haikujulikana anamwambia nani. Alimwachia. "Basi wewe na maji mnajuana, na maji yanakudai neno. Utakwenda kila siku kuyachota hayo mafuta mpaka yaishe. Na utayaambia mwenyewe ulichofanya, kwa sauti, siyo hiyo sauti ya panya. Nitakuwa nimekaa kando nasikiliza." Akamgeukia mtaalamu. "Wewe, futa alama yangu."

"Imeshafutwa mtandaoni tangu jana, bibi. Hii ya ukutani nitaichana. Lakini nitawaambia nini kuhusu kituo cha saba?"

"Cha saba ni langoni. Nitaweka kiti changu pale. Wageni wataniona mimi, nitawaambia kuna maji mazuri nyuma ya mwamba ule na hawatayaona. Watakunywa chai yao watarudi. Hicho ndicho kituo. Andika."

Bwana Alistair aliandika. Huenda wafadhili wangekubali, huenda wasingekubali, hakuna aliyejua. Bibi aliuchukua ufunguo mezani. Lyndon akasogea, lakini bibi akautia mfukoni mwake.

"Nitakaa nao mpaka mafuta yaishe. Na wewe jifunze kutazama unampeleka nani na wapi. Noelene abaki mjini kwanza."

*

Watu walianza kusimama. Delvene hakujua aende wapi. Wanawake walimpisha, wengine wakimtazama kwa huruma, wengine bado kwa ukali, na alijua itachukua msimu mzima kabla hajaweza kuingia dukani akiwa ameinua kichwa. Lyndon alikuwa hatua tatu tu kutoka kwake. Walitazamana. Kisha watu wakapita katikati yao.

Mlango wa jikoni ukafunguliwa. Mama Rosina akatoka na sinia, mkate wa moto na vikombe vya chai, akaja moja kwa moja mpaka mbele ya Lyndon. Alikuwa amesikia yote. Ukuta wa jikoni ulikuwa wa mabati.

"Chai, mwanangu," alisema kwa sauti ya kila siku.

Wavuta sigara walirudi mlangoni kutazama. Delvene alifumba macho. Aliisubiri ile salamu, asante shangazi, umeamkaje shangazi, maneno mawili tu, na baada ya hapo angeenda nyumbani akajifunike blanketi.

Hakusikia kitu. Alisikia kiti kikianguka.

Alipofumbua macho, Lyndon alikuwa amempa Mama Rosina mgongo. Alikuwa ameukabili ukuta, masikio yamemwiva, kofia ameishikilia kando ya uso ili asimwone. Mlango mkubwa ulikuwa nyuma ya mama, hakuweza kuufikia bila kupishana naye. Akatambaa kando ya ukuta, akajigonga kwenye meza ya chupa, akalifikia dirisha dogo la pembeni, akapitisha mguu mmoja, kisha mwingine, akaanguka nje kwenye vumbi mbele ya kundi zima la watu wa Kisima Nane.

Bibi Mavis alianza yeye. Alicheka akiwa amejishika ubavu, na ukumbi ukamfuata.

Mama Rosina hakucheka. Alisimama wima na sinia lake, kidevu juu, kama mtu aliyevishwa taji. Kisha akachukua kikombe kimoja, akaongeza sukari vijiko vitatu, akamsukumia Delvene mkononi.

"Mpelekee wewe," alisema. "Mimi na yeye hatusemezani."